Biashara ya Sheidi za Taa Mlima Kenya: Pesa Ziko Kwenye Pete

Milimita kama 13 hivi ndizo zinazoamua iwapo sheidi ya taa iliyonunuliwa Nyeri itabaki sebuleni au itarudishwa dukani kesho yake. Holda ya balbu ya pini, ile iliyozoeleka katika nyumba za Nyeri, Karatina na Kerugoya, hupokea sheidi yenye tundu la karibu milimita 29. Holda ya balbu ya kuzungusha, inayozidi kuingia pamoja na taa za kutoka Uchina, hupokea sheidi yenye tundu la karibu milimita 42. Mteja akinunua sheidi ya tundu kubwa na nyumbani kwake kuna holda ya pini, sheidi itapita pete ya holda bila kushikwa popote. Hapo ataifunga kwa waya na selotepu, au ataitupa juu ya kabati, au atapanda matatu kurudi mjini kugombana na muuzaji.

Dawa ya tatizo hilo ni pete nyembamba ya plastiki ya kupunguza tundu: kwa nje inakaa ndani ya milimita 42, kwa ndani inabaki na 29. Ni kitu chepesi kiasi kwamba unaweza kubeba mia moja katika mfuko wa koti. Bei yake haifikii hata ya balbu. Lakini si kila duka la vifaa vya stima huiweka, na pale ilipo mara nyingi imelala ndani ya droo bila kuonyeshwa. Kwa maoni yangu, biashara ya sheidi katika miji ya Mlima Kenya imefika mahali ambapo uzuri upo, wanunuzi wapo, na kinachokosekana ni nidhamu juu ya kipande hicho kidogo. Atakayeitia nidhamu hiyo kwanza, awe mwenye duka au fundi wa kutengeneza, ndiye atakayevuna.

Soko lenyewe limekua kwa hatua. Kwa miaka mingi taa ya nyumba ya kawaida huku ilikuwa balbu uchi darini. Mwaka wa 2015 serikali ilizindua mpango wa Last Mile, ukashusha ada ya kuunganishiwa stima kutoka Sh35,000 hadi Sh15,000. Nyaya zikafika vijiji vya Othaya, Tetu, Mukurwe-ini na Mathira ambavyo vilikuwa vikitazama nguzo zikipita mbali. Nyumba inayopata stima kwa mara ya kwanza haitafuti sheidi. Kwanza huja mwanga, kisha kochi na runinga, kisha siku moja mtu anaketi kwenye kochi hilo, anainua macho na kugundua kwamba balbu inamchoma. Hapo ndipo mnunuzi wa sheidi anapozaliwa, na huku Mlimani wanunuzi wa namna hiyo wanaongezeka kila mwaka.

Balbu nazo zimebadilika, na mabadiliko hayo yamefanya kazi kubwa kuliko matangazo yoyote. Balbu ya zamani ya waya wa kuwaka, ya wati 60, iligeuza sehemu kubwa mno ya umeme wake kuwa joto. Sheidi ya karatasi au ya kitambaa ikikaribia balbu hiyo iligeuka rangi ya chai, na ikigusana nayo iliweza kushika moto. Mwaka wa 2010 balbu za kuokoa umeme zaidi ya milioni moja ziligawiwa bure nchini ili watu waachane na zile za zamani, na baadaye ikaja LED. Leo balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribia ule wa wati 60 za zamani, na kioo chake ukikigusa hakikuunguzi. Kwa hivyo mkonge, karatasi, kitenge na maganda ya mgomba, vitu vinavyopatikana huku kwetu kwa urahisi, vimekuwa malighafi salama zaidi ya sheidi. Hilo lilikuwa gumu kufikiriwa wakati balbu ilikuwa jiko dogo.

Kisha kuna wageni. Eneo hili limeishi na utalii muda mrefu. Hoteli ya Outspan ya Nyeri ndiko Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alikomalizia maisha yake mwaka wa 1941 katika nyumba yake ndogo ya Paxtu, na Mount Kenya Safari Club ya Nanyuki ilianzishwa mwaka wa 1959 na mwigizaji William Holden na wenzake. Lakini wanaosukuma soko la sheidi sasa ni wawekezaji wadogo: mwalimu mstaafu aliyejenga vyumba viwili vya wageni Naro Moru, au kijana anayekodisha fleti yake ya Nanyuki kwa watu wa Nairobi wanaokuja wikendi. Mgeni wao huchagua nyumba kwa kutazama picha kwenye simu. Katika picha balbu uchi huonekana kama doa jeupe linaloharibu chumba kizima, ilhali sheidi ya mkonge hutandaza mwanga wa rangi ya asali ukutani. Mwenye nyumba anajua kwamba tofauti hiyo inamletea mgeni au inampeleka kwa jirani.

Ili kuelewa pesa zinapopotelea, lazima tuifungue holda yenyewe. Kenya hutumia umeme wa volti 240, na desturi ya holda ya pini tuliirithi kutoka Uingereza, ambako ilianza kutumika katika miaka ya 1880. Balbu yake ina kitako cha kipenyo cha milimita 22 chenye pini mbili ubavuni, ndiyo maana kwenye pakiti huandikwa B22. Unaisukuma, unaizungusha kidogo, springi mbili zilizo ndani zinaisukuma nje, na pini zinajifunga. Ile ya kuzungusha huandikwa E27, kwa kuwa skrubu yake ina kipenyo cha milimita 27. Viwango vya kimataifa vinavyotawala vitako na holda hizi vipo kwa miongo mingi, na wakaguzi wa KEBS, shirika la viwango nchini, hupima bidhaa kwa viwango vya aina hiyo. Kwa hivyo balbu inayolingana na holda ni rahisi kupata. Taabu huanzia nje ya holda, pale sheidi inaposhika.

Holda nzuri ya kuning'inia ina hesi kwa nje, na juu ya hesi hiyo hukaa pete. Kazi ya kufunga sheidi haipaswi kumtisha mtu. Zima stima kwenye swichi kuu, usitegemee swichi ya ukutani pekee, kwa sababu katika nyumba zilizofungwa ovyo swichi hiyo huenda inakata waya usiohusika huku ule wenye moto ukibaki hai kwenye holda. Toa balbu. Fungua pete kwa vidole. Pitisha tundu la sheidi kwenye holda mpaka liegemee bega lake, rudisha pete, ikaze kwa mkono hadi sheidi isicheze, kisha rudisha balbu. Hakuna waya ulioguswa wala bisibisi iliyotumika. Kazi yenyewe ni fupi kuliko kuchemsha chai, na ndiyo sababu ya sheidi za aina hii kuuzwa hata kwa mtu ambaye hajawahi kushika plaizi.

Jambo moja husahaulika na wauzaji wengi, nalo ni tofauti kati ya taa ya mezani na ya kuning'inia. Kwenye taa ya mezani uzito wa sheidi unaketi juu ya bega la holda, na pete inazuia tu sheidi isiyumbe. Kwenye taa ya kuning'inia mambo yamepinduka: holda inatazama chini, na pete hiyo ya plastiki ndiyo inayobeba uzito wote wa sheidi, mchana na usiku, kwa miaka. Plastiki duni iliyochomwa na joto la balbu ya zamani hukauka na kupasuka. Ndiyo maana holda za viwango huandikwa daraja la joto, T1 kwa zile za kuvumilia nyuzi 165 za selsiasi na T2 kwa zile za nyuzi 210. Mwenye duka anayeweka holda za T2 na kuwaonyesha wateja alama hiyo anawauzia kitu chenye maana, hata kama bei iko juu kidogo.

Waya nao una kikomo. Kanuni za ufungaji umeme za Uingereza, ambazo mafundi wetu wengi wamesomea, zinaruhusu waya laini wa milimita mraba 0.5 kubeba kilo 2, wa 0.75 kilo 3, na wa milimita 1 kilo 5. Ndani ya holda na ndani ya kikombe cha darini kuna vipembe vidogo ambavyo waya huzungushiwa, ili mzigo uvutwe na vipembe na si na skrubu zinazoshika shaba. Fundi anayeruka hatua hiyo kwa haraka huacha taa inayoning'inia kwa nyuzi za shaba tupu. Sheidi ya mkonge ni nyepesi na haitasumbua. Ile ya chuma, ya kioo au ya udongo wa kufinyangwa, ambayo sasa inapendwa, yahitaji mnyororo au waya wa chuma uliofungwa kwenye boriti, na holda iachiwe kazi ya kushika balbu peke yake.

Nyumba nyingi za huku zina tatizo la awali zaidi: holda iliyobandikwa moja kwa moja kwenye dari au ukutani, isiyo na hesi wala pete ya sheidi. Kwa hiyo mwenye nyumba hununua sheidi na kukosa pa kuitundika. Wengine hununua zile zenye klipu mbili za waya zinazokumbatia balbu. Klipu hizo zilipimwa kwa balbu ya zamani iliyokuwa mviringo mzima wa milimita 60. Balbu nyingi za LED ni mviringo upande wa juu tu, chini ni shingo ya plastiki iliyopinda kuelekea kitako, na klipu huteleza. Isitoshe, uzito wa sheidi unaangukia balbu badala ya holda. Kwa mtu wa namna hiyo ushauri sahihi ni kubadilishiwa holda na fundi, na muuzaji mwadilifu atamwambia hivyo kabla ya kupokea pesa zake.

Bidhaa hizi hufikaje Nyeri? Taa nyingi za dunia hutoka mji wa Guzhen, katika jimbo la Guangdong huko Uchina, ambao umejijengea uchumi mzima juu ya taa. Makontena hupita Mombasa, mengine yakafunguliwa bandari kavu ya Nairobi, kisha mali hugawanywa katika maduka ya jumla ya Luthuli Avenue na mitaa ya jirani. Mwenye duka wa Nyeri husafiri kilomita 150 kwenda kuchagua, au huagiza kwa simu, akalipa kwa M-Pesa na kuletewa katoni kwa matatu. Barabara ya Kenol hadi Marua, ambayo ujenzi wake wa njia mbili umefanywa kwa awamu, ndiyo mshipa wa biashara hii, na kila katoni ya kioo inayofika bila ufa inachangia faida.

Hata kwenye orodha ya ushuru wa forodha, sheidi na holda haziketi pamoja. Holda imo katika sura ya 85, pamoja na swichi na soketi. Sheidi imo katika sura ya 94, pamoja na fanicha. Basi huagizwa na watu tofauti, huuzwa na maduka tofauti, na hukutana kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba ya mteja. Anayeuza mapazia na mazulia Nyeri huweka sheidi kwa sababu ya rangi, na huenda hajawahi kuipima tundu. Anayeuza nyaya na swichi hatua chache kutoka hapo huweka holda na hajui jirani yake ameuza nini. Sheidi nyingi zinazotengenezwa kwa soko la dunia zimekatwa kwa kipimo cha E27, kwa kuwa ndicho kinachotumika bara la Ulaya na sehemu kubwa ya Asia. Viwanda vinavyolenga Uingereza hutia pete ya kupunguza ndani ya boksi. Vinavyolenga kwingine haviitii, na mali inayofika kwetu ni mchanganyiko wa vyote.

Hebu tupige hesabu ya mfano. Tuseme duka linauza sheidi kwa Sh1,500 na kubaki na faida ya Sh400. Sheidi tatu kati ya kumi zikirudi kwa sababu ya tundu, faida ya Sh1,200 imekwenda. Moja ikirudi imevunjika, na mwenye duka akilazimika kuifidia, imeondoka pia gharama ya Sh1,100. Faida iliyotarajiwa ya Sh4,000 imeshuka hadi Sh1,700 au chini ya hapo. Sasa tia pete ya kupunguza ya Sh50 ndani ya kila boksi, bure kwa mteja. Gharama ni Sh500 kwa sheidi zote kumi. Huhitaji shahada ya uhasibu kuona upande upi una pesa. Na swali la kumuuliza mteja halina gharama yoyote: "Mama, balbu ya nyumbani ni ya pini au ya kuzungusha?" Kama hajui, apige picha ya kitako chake na kurudi. Atarudi, kwa sababu ameona anahudumiwa na mtu anayejali.

Lakini nafasi kubwa zaidi iko kwa watengenezaji wetu wenyewe. Katika vibanda vya jua kali vya Nyeri, Karatina na Embu, mafundi wa kuchomelea hukunja vyuma vyembamba kuwa mageti, viti na rafu. Fremu ya sheidi ni kazi ya aina hiyo hiyo: mduara wa juu, mduara wa chini, nguzo za kuunganisha, na miguu mitatu inayokutana kwenye pete ya katikati. Akina mama wanaosuka vyondo nao wana ujuzi ambao viwanda vya ng'ambo vinauiga kwa mashine. Chondo kikipinduliwa, kikafungwa kwenye fremu, kinakuwa sheidi ambayo mgeni wa Nanyuki atataka kuondoka nayo kwenye begi.

Kasoro iko kwenye tundu. Sheidi nyingi za kusukwa hukatwa tundu kwa kukadiria, na mkonge hauna ukingo mgumu wa kushikwa na pete ya holda. Baada ya miezi michache tundu limelegea, sheidi inakaa upande, na mteja anadhani usukaji ndio mbaya. Ufumi ulikuwa safi. Kilichokosekana ni pete ya chuma katikati. Pendekezo langu kwa vikundi vya ufumi ni la moja kwa moja: fundi wa kuchomelea apewe oda ya pete zenye tundu la ndani la milimita 42 kamili, zenye miguu mitatu, na msukaji aanze kazi yake kutoka kwenye pete hiyo. Kila sheidi itoke na pete ya plastiki ya kupunguza imefungwa ndani kwa uzi. Sheidi moja itatumika kwenye holda ya pini ya Kerugoya, kwenye holda ya kuzungusha ya hoteli, na hata ikisafirishwa Ujerumani au Uingereza. Kipimo hicho hakihitaji mashine. Kinahitaji kigezo kimoja cha chuma kilichochongwa sawasawa, ambacho kila pete hupimwa nacho kabla ya kupakwa rangi. Vyuo vya ufundi kama Nyeri National Polytechnic vina karakana za kuchonga kigezo cha aina hiyo, na wanafunzi wangejifunza maana ya milimita kwa kazi inayonunuliwa.

Urefu wa miguu hiyo mitatu pia una maana yake. Pete ikishuka chini mno, balbu huchungulia nje na kurudisha ule mchomo wa macho ambao mteja alikimbia. Ikiwa juu mno, mwanga hukwama darini. Na sheidi isizibwe kabisa, maana LED hutoa joto lake kupitia kitako, na hewa isipopita humo umri wa balbu hupungua.

Desemba huleta mteja wa aina nyingine. Jamaa walioko Marekani, wengi wao katika miji kama Lowell, Massachusetts, hurudi likizoni au hutuma vitu vya nyumbani. Taa ya mezani ya Kimarekani haina pete ya sheidi; ina upinde wa chuma unaozunguka balbu, na sheidi huketi juu ya upinde na kufungwa kwa kitufe cha skrubu kileleni. Ukiipoteza hiyo skrubu, huipati Nyeri. Holda yake ni ya milimita 26, na balbu yetu ya E27 kwa kawaida huingia, lakini balbu iliyokuja nayo ni ya volti 120 na haifai kabisa kuwashwa huku. Fundi aliyesoma aikague waya na holda, abadilishe plagi, na hapo inatumika.

Nikisema fundi aliyesoma namaanisha mwenye leseni. Sheria ya Kawi ya 2019 inataka kazi ya kufunga umeme ifanywe na mtu aliyeidhinishwa na EPRA, mamlaka ya kawi, na NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, hutoa mitihani ya ufundi kwa madaraja. Kubadilisha sheidi hakuhitaji leseni. Kubadilisha holda, kuteremsha waya mpya kutoka darini, kuhakikisha kwamba katika holda ya kuzungusha ile shaba ya hesi haina moto, hiyo ni kazi yake. Kosa katika hilo la mwisho ni hatari kuliko yote, maana kidole cha anayebadilisha balbu ni rahisi kugusa hesi, na volti 240 hazina huruma. Maduka yanaweza kuingia makubaliano na mafundi hawa: sheidi, holda ya T2, na kufungiwa nyumbani, kwa bei moja. Wenye nyumba za wageni wangelipa bila kubishana, kwa sababu wanachotaka ni chumba kilicho tayari Ijumaa jioni.

Mwenye nyumba hizo naye aandike oda yake kama mfanyabiashara. Akitaka sheidi 12 za mkonge kwa vyumba sita vya Naro Moru, aandike kipenyo cha chini, urefu, tundu la milimita 42 lenye pete ya kupunguza hadi 29, uzito usiozidi kilo moja, na aombe sampuli moja ifungwe kwenye holda yake mwenyewe kabla ya kulipa malipo ya awali kwa hizo kumi na moja zilizobaki. Kikundi kinachoweza kujibu oda ya namna hiyo, kwa maandishi na kwa tarehe, hakitakuwa na haja ya kungoja mnunuzi kando ya barabara ya Nanyuki. Habari za oda ya vyumba sita zitamfikia mwenye vyumba ishirini, na hoteli kubwa za mlimani, ambazo hununua kwa makadirio yaliyoandikwa, zitakuwa na mtu wa kumwandikia.